Programu ya 1996 Iliyogoma Kwa Kuwa Kompyuta Ina Kasi Mno

Kabla hujaendelea kusoma, nina ombi. Nenda kwenye lile kabati ambalo kila nyumba inalo, la risiti kuukuu, albamu za arusi na chaja ambazo hakuna anayekumbuka ni za simu gani. Ukikuta humo flopi, vile vidiski vya plastiki vya mraba tulivyotumia zamani kuhifadhi kazi za kompyuta, usivitupe. Angalau visubiri mpaka umalize ukurasa huu.

Nasema hivi kwa sababu mwaka jana flopi moja ilinitia katika shughuli ambayo sikuitarajia, na ambayo nusura inikosanishe na mama mzazi.

Mama yangu ni mwanachama wa kikundi cha akina mama kilichoanza mwezi wa Machi 1996. Walikuwa kumi na wanane, wote majirani huku Eastlands. Kila mwezi kila mmoja alitoa Sh500, na baada ya miaka miwili wakanunua ploti Ruai, wakati ambapo watu waliwacheka na kuwauliza kama wanataka kuishi na ng'ombe. Mwaka jana wakaamua kuiuza. Bei ilipotajwa, hakuna aliyecheka tena, na udugu wa miaka mingi ukaanza kulegea.

Mmoja wao alihamia mashambani 1998 na akafariki huko miaka kadhaa baadaye. Bintiye alipopata habari za mauzo alikuja mkutanoni na risiti tatu zilizochakaa, akaomba fungu la mama yake. Akaambiwa kwa upole kwamba mama yake alilipa miezi michache tu, kisha akaacha. Aliyesimama kumwambia hivyo, msomaji wangu, ni mama yangu. Kitabu cha hesabu kiko wapi? Kililoa na kuoza wakati mvua za El Nino za 1997 zilipoingia nyumbani kwa mweka hazina.

Hapo ndipo mweka hazina alipokumbuka jambo. Enzi hizo kaka yake alikuwa akisomea kompyuta katika chuo kimoja mjini. Ilikuwa ni zama ambapo kijana alisomea DOS, WordPerfect, Lotus 1-2-3 na dBase, akapewa cheti, na wazazi wakachinja kuku. Kijana huyu alitaka kujaribu ujuzi wake, kwa hivyo akatengeneza programu ya kuweka hesabu za dada yake kwa kutumia Turbo Pascal, chombo cha kampuni ya Borland kilichokuwa maarufu mno kwa wanafunzi tangu 1983. Kila mwezi michango iliandikwa kitabuni na pia katika kompyuta. Flopi zenyewe zilikuwa mbili, ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya vitambaa vya kufumwa.

Nikajitolea. Mimi si ndiye mwanahabari, ninayejua mambo ya kompyuta?

Fundi wa kwanza niliyemwendea mjini aliipindua ile flopi mkononi, akanirudishia. "Hizi ni za enzi za Nyayo, dada. Tupa." Sikutupa. Nilinunua kifaa cha kusoma flopi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Flopi moja ilikuwa imeharibika kabisa, ikitoa sauti kama ya panya anayeguguna mlango. Ya pili ilifunguka. Ndani mlikuwa na faili mbili: KIKUNDI.EXE, ambayo ndiyo programu, na MICHANGO.DAT, ambamo hesabu zenyewe zilihifadhiwa. (DOS ilikubali majina yasiyozidi herufi nane. Kijana alibahatika kwamba "michango" lina herufi nane barabara.)

Nilipoifungua ile faili ya michango kwa programu ya kawaida ya kusomea maandishi, niliyaona majina ya akina mama yakielea katikati ya alama za ajabu ajabu. Fedha na tarehe hazikusomeka. Aliyejua zimepangwa vipi alikuwa mmoja tu, ile KIKUNDI.EXE. Muundaji wake siku hizi anauza vipuri vya magari, na nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. Hakumbuki lolote.

Basi nikaibonyeza KIKUNDI.EXE katika kompyuta yangu yenye Windows 11. Ikakataa, ikiniarifu kwamba programu hiyo haiwezi kutumika katika mashine yangu. Nikaenda kwa jirani aliye na kompyuta nzee yenye Windows XP. Huko ilianza, skrini ikawa nyeusi, kisha ikafa na kuacha maneno matatu: Runtime error 200. Nikajaribu tena, na tena. Yale yale.

Sasa tusimame hapo kidogo, maana nataka uelewe kilichokuwa kikitendeka.

Moyo wa kompyuta ni kile kidude kiitwacho prosesa. Prosesa haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua nambari tu, na kila nambari ni agizo. Tatizo ni kwamba kila ukoo wa prosesa una lugha yake. Chukua nambari 169. Ukiipa prosesa iitwayo 6502, iliyotumiwa katika kompyuta za Apple II, itaelewa kwamba umeiambia ichukue nambari inayofuata na kuishika mkononi. Ukiipa 8086, ambayo Intel iliitoa 1978, itaelewa kwamba umeiambia ikague nambari iliyo nayo tayari. Nambari ni ile ile.

Ni kama neno simba. Mtu wa Mombasa akisikia kwamba kijana fulani ameingia simba, atashangaa na kuuliza aliingiaje ndani ya mnyama. Lakini kule Siaya, simba ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa, na hakuna cha ajabu akiingia kulala. Sasa fikiria barua yenye maneno elfu hamsini, kila moja ni simba, na msomaji ni yule wa Mombasa.

Kompyuta yangu, kwa hakika, ni ya ukoo wa Intel na lugha ya zamani bado inaifahamu kiasi. Lakini siku hizi Windows huendeshwa kwa mtindo wa biti 64, na katika mtindo huo mlango ambao programu za DOS zilipitia haupo tena. Windows 11, iliyotoka 2021, haina namna nyingine ila hiyo. Ndiyo sababu ya kukataliwa mara ya kwanza.

Ile ya pili ndiyo iliyonichekesha nilipoielewa. Programu nyingi za Turbo Pascal zilibeba ndani yake kipande kidogo kiitwacho Crt, kilichoshughulikia skrini na kibodi. Programu ikianza tu, kipande hiki hupima kasi ya kompyuta. Huhesabu kinaweza kuzunguka mara ngapi katika muda wa milisekunde 55 hivi, kisha hugawanya jumla kwa 55 ili kijue mizunguko ya milisekunde moja. Jibu limetengewa chombo kisichoweza kubeba zaidi ya 65,535. Miaka ile chombo hicho kilitosha na kubaki. Lakini prosesa zilipofikia kasi ya megahezi 200 hivi, jibu likafurika. Prosesa ikashtuka, na programu ikafa ikidai ati imegawanya kwa sifuri. Yaani programu ya mweka hazina wetu haikuwa na ugonjwa wowote. Iligoma kwa sababu kompyuta ina kasi mno!

Dawa ya yote mawili ni emuleta.

Emuleta ni programu ya kuigiza. Hujifanya kompyuta nyingine. Umewahi kumwona mkalimani mahakamani? Mzee shahidi anazungumza Kidholuo, hakimu anataka Kiingereza, na mkalimani amesimama katikati akigeuza sentensi moja baada ya nyingine. Emuleta hufanya hivyo hivyo. Huchukua agizo moja la programu ya zamani, hulisoma, huuliza "prosesa ya zamani ingefanya nini hapa?", kisha hulitimiza kwa kutumia prosesa mpya, na kurejea kuchukua agizo la pili. Mamilioni ya mara kwa sekunde.

Lakini emuleta haiishii kwa maneno. Ni kama mkalimani ambaye pia amemjengea mzee mahakama bandia. Programu ikiuliza saa, inapewa saa ya kubuni. Ikitaka skrini ya 1996, inachorewa skrini ya 1996 ndani ya dirisha dogo. Ikitafuta diski, inaonyeshwa folda yako na kuambiwa hiyo ndiyo diski. Na kasi nayo huigizwa. Niliyotumia mimi inaitwa DOSBox. Ni ya bure, ilitolewa mara ya kwanza 2002, na waundaji wake walikuwa wakifikiria hasa michezo ya zamani. Isipoambiwa vinginevyo, programu kama ile yetu huiendesha kwa maagizo 3,000 katika kila milisekunde. Kwa prosesa ya leo huo ni mwendo wa kobe, na kobe ndiye tuliyemhitaji.

Huenda ukauliza, kazi yote hii ya kukalimani haichoshi mashine? Huichosha. Emuleta ya kawaida hutumia maagizo mengi mapya kutimiza agizo moja la zamani. Kwa programu ya DOS hutajua, kwa kuwa prosesa ya leo ina nguvu za kumwaga. Kwa programu nzito, mafundi hutumia ujanja mwingine. Badala ya kukalimani sentensi ile ile kila inaporudiwa, hutafsiri fungu zima mara moja na kuweka tafsiri kando, wakalisoma tena linapohitajika.

Ujanja huu umewaokoa wakubwa pia. Mnamo 1964 IBM ilitangaza kompyuta zake mpya za System/360, huku wateja wake wengi wakiwa na programu zilizoandikwa kwa lugha ya mashine ya IBM 1401 ya 1959. Nani angekubali kuandika upya hesabu zake zote? IBM ikazipa baadhi ya mashine mpya uwezo wa kujifanya 1401, na ni katika kampuni hiyo, miaka hiyo, ambapo neno emuleta lilianza kutumiwa. Apple nayo imebadilisha ukoo wa prosesa katika kompyuta zake za Macintosh mara tatu: 1994, 2006 na 2020. Kila mara iliweka mkalimani ndani kimya kimya. Watu waliendelea kuandika barua zao bila kujua kwamba sakafu imebadilishwa chini ya miguu yao.

Kisa ambacho mimi hukikumbuka zaidi ni cha Uingereza. Mnamo 1086, kwa amri ya Mfalme William, ardhi na mali za nchi hiyo ziliandikwa, na kitabu hicho, Domesday, kipo hadi leo na kinasomeka na ajuaye Kilatini. Mwaka wa 1986, kuadhimisha miaka 900, shirika la BBC lilikusanya picha, ramani na insha kutoka kwa watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi wa shule, ili vizazi vijavyo vijue maisha yao. Likazitia katika diski kubwa za leza zilizohitaji kompyuta maalum ya BBC na mtambo maalum wa kuzisomea. Haikupita miaka kumi na mitano kabla ya mitambo hiyo kuwa adimu kiasi cha kutisha. Ngozi za wanyama za 1086 zilisomeka, insha za 1986 zikawa hatarini. Ilibidi watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan watengeneze emuleta, wakaionyesha 2002, ndipo zile insha zikaonekana tena kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwa hivyo nikimwona mtu akisema flopi zake ziko salama kwa kuwa ziko kabatini, mimi hunyamaza tu na kuvuta pumzi.

Nawe kama unazo, fanya haraka. Flopi ni diski ya sumaku, na sumaku hufifia. Emuleta haiwezi kuigiza kile ambacho hakipo tena, kama ilivyokuwa kwa ile flopi yetu ya kwanza. Kabla ya kuitia kwenye kifaa, sogeza kile kidude cha plastiki cha pembeni mpaka tundu liwe wazi, ili kompyuta isiweze kuandika juu yake. Ukiona kuvu ndani, usiitie kabisa. Nakili kila kitu, hata faili usizozielewa, maana mimi ningechukua michango peke yake na kuacha programu, tungebaki na majina yanayoelea. Zile flopi pana zaidi, za inchi tano na robo, zina taabu yake kwa kuwa vifaa vya USB vinavyouzwa madukani havizisomi. Hizo mtafutie mtu aliyehifadhi kompyuta nzee.

Na usikimbilie emuleta kabla ya kujaribu njia rahisi. Kama ni barua za WordPerfect au jedwali za Lotus, programu ya bure ya LibreOffice hufungua nyingi bila ubishi. Emuleta ni ya pale ambapo programu yenyewe ndiyo ufunguo. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba kuwa na emuleta si kosa, lakini programu au mchezo wa mtu mwingine bado una mwenyewe hata uwe wa zamani kiasi gani.

Mkitaka kuonja bila gharama, fungueni Internet Archive, maktaba ya Marekani iliyoko intanetini. Mnamo Januari 2015 iliweka michezo zaidi ya 2,000 ya DOS inayochezeka papo hapo, emuleta ikiwa imefichwa ndani ya ukurasa. Wazazi watanilaumu kwa hili, lakini nimeshasema.

Turudi Eastlands.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Mama alikuwa ameketi kando yangu, si kwa hamu bali kwa kuwa chai ilikuwa mezani kwangu. Niliiambia DOSBox kwamba folda yangu ndiyo diski C, kwa kuandika mount c c:\kikundi. Nikaandika c: kisha kikundi. Skrini ikawa ya buluu. Juu, kwa herufi za njano, likatokea jina la kikundi na maneno "KARIBU MWEKA HAZINA". Mama aliweka kikombe chini.

Nilitafuta jina la marehemu. Machi 1996, amelipa. Aprili, amelipa. Nambari za risiti zilikuwa pembeni, na zile tatu alizokuja nazo bintiye zilikuwamo, kwa tarehe zile zile. Kati ya miezi 24, mama yule alilipa 22.

"Rudisha nyuma," mama akasema. Nikarudisha. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari akifuatisha kidole juu ya kioo kama asomaye Biblia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi?"

Miezi 19.

Sikujua la kusema, nikajifanya natafuta kitufe. Mama aliitazama ile mitano iliyokosekana, Juni hadi Oktoba 1997. "Huo ni wakati ule ulipolazwa hospitali," akasema. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni blanketi ya buluu na machungwa. Kwamba kulikuwa na Sh500 zilizokuwa zikiniponya badala ya kwenda Ruai, hilo sikuwahi kuambiwa.

Programu ilikuwa na mahali pa kuchapisha orodha nzima, lakini ilitafuta printa ya zamani ambayo haipo, na DOSBox ya kawaida haina namna ya kuigiza printa. Nikapiga picha skrini zote kwa simu, wanachama kumi na wanane mmoja mmoja, mpaka saa tano za usiku.

Mkutano uliofuata niliwasha kompyuta mbele yao nao wakajitafuta wenyewe. Kulikuwa na minong'ono, na mmoja alisema mashine inaweza kudanganya, lakini alipolikuta jina lake akiwa na miezi 24 kamili, alisema mashine ni nzuri. Aliyesimama wa kwanza kumwomba radhi yule binti alikuwa mama. Fedha ziligawanywa kulingana na miezi ile, na fungu la marehemu likampita mama kwa miezi mitatu.

Yule kaka muuza vipuri ameniomba nakala ya KIKUNDI.EXE. Anasema wanawe hawaamini kwamba aliwahi kutengeneza programu.